Chandimu Anatafuta Kwao

Hotuba hii niliitoa kwenye uwanja wa shule ya mtaani kwetu, Dar es Salaam, siku ya chanjo ya mbwa. Wengine mlikuwa msibani, wengine kazini, na mmeniomba niiweke yote. Nimeiacha kama nilivyoisema, pamoja na pale watu waliponikatiza.

Ndugu mwenyekiti wa serikali ya mtaa, daktari wetu wa mifugo, wajumbe wa mashina. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Wadogo zangu mlioshika kamba za mbwa tangu saa mbili asubuhi, hamjambo? Na nyinyi mliofuata soda tu, nanyi hamjambo?

Nimepewa dakika kumi na tano. Mwenyekiti ananijua, ndiyo maana ameweka saa mezani.

Naanza na swali. Nani hapa ana kibao getini kimeandikwa "Mbwa Mkali"? Nyoosheni mikono, msione haya. Naam, naona. Na nani ana kibao lakini hana mbwa? (Kicheko.) Nilijua. Mtaa wa pili kule kuna kibao kimeandikwa "Mbwa Kali", na mwalimu wetu wa Kiswahili akipita pale huangalia upande wa pili. Mimi sarufi hainikeri. Kinachonikeri ni kwamba ukimwambia mtu wa mtaa huu kuwa una mbwa unamtafutia nyumba, hata hajauliza ni dume au jike, atakuuliza: "Mkali?"

Mbwa ninayemtafutia nyumba si mkali. Nasema hadharani, tena kwenye kipaza sauti: si mkali. Hajawahi kuwa mkali na sioni dalili kwamba atakuwa. Yule pale chini ya mwembe, wa rangi ya mchanga, sikio moja limesimama, jingine limelala. Hicho alichoshika mdomoni ni ndala. Ni ya mtu aliyekaa safu ya mbele, atarudishiwa.

Anaitwa Chandimu, na jina hakupewa na mimi. Mnajua mimi ni fundi cherehani. Vipande vya vitambaa vinavyobaki chini ya meza yangu huja kuombwa na watoto, wanavishindilia, wanavifunga kamba, unakuwa mpira wa chandimu. Zamani walivisha mfuko wa plastiki kwa nje. Tangu mifuko ipigwe marufuku mwaka 2019, wanatumia soksi kuukuu. Masika ya mwaka jana mpira mmoja uliingia kwenye mtaro nyuma ya ofisi yangu. Kijana akaenda kuufuata, akarudi mbio: "Fundi, mpira umechukuliwa na mbwa!"

Nikatoka na kipimio changu shingoni. Nikamkuta mtoto wa mbwa, miezi minne hivi, mbavu unazihesabu. Shingoni ana kamba ya manila aliyofungwa akiwa mdogo zaidi, akakua, kamba haikukua. Ilikuwa imezama ndani ya ngozi, inatoa usaha. Na mpira uko mdomoni. Sasa nisikilizeni. Hakukimbia. Alitutazama, akaushusha mpira kwenye matope, akarudi nyuma hatua mbili, akalaza kifua chini, matako juu, mkia unazunguka kama pangaboi.

Daktari alinieleza baadaye kwamba ule ni mwinamo wa mbwa wote. Ndivyo mbwa anavyomwambia mwenzake: haya yanayofuata ni mchezo, usiyachukulie vibaya. Mbwa hajala sijui siku ngapi, shingo inaoza, anaomba tucheze. Nilikaa chini kwenye kreti ya soda nikalia. Vijana walinicheka, na wengine wao wapo hapa.

Mengine yalikwenda haraka: kamba ilikatwa, kidonda kikasafishwa, kupe wakatolewa mmoja mmoja, dawa ya minyoo, chanjo, na baadaye akahasiwa. Sitawachosha na hayo.

Swali ninaloulizwa kila siku: "Fundi, kama unampenda hivyo, si ukae naye?" Jamani, mimi mpangaji. Tuko wapangaji sita, ua mmoja, bomba moja, kamba moja ya kuanikia nguo. Na Chandimu akiona kanga inapepea kwenye kamba, kwake hiyo ni mwaliko. Mama wa chumba cha tatu alinunua doti mpya ya harusi ya mdogo wake. Ilipepea asubuhi moja tu. Nimeilipa, tumemalizana, na leo amekuja kunisikiliza, asante mama. Mwenye nyumba naye amenivumilia kuliko nilivyostahili. Lakini nyumba ya mtu ni ya mtu.

Basi nikaanza kumtafutia kwao. Na nyumba ya kwanza aliyokwenda niliiharibu mimi mwenyewe. Hii ndiyo sababu hasa iliyonipandisha hapa.

Alikuja mzee mmoja anayeuza vifaa vya ujenzi. Si mtu mbaya, nasisitiza, si mtu mbaya hata kidogo. Akamtazama Chandimu, akauliza lile swali. "Mkali?" Nikamjibu: "Bado mdogo baba, akikua atakuwa mkali." Nilijua ninachosema. Wiki ile mwenye nyumba alikuwa amenipa siku kumi na nne, na kanga ilikuwa imeshachanika. Nikaona aende, mengine yatajipanga mbele ya safari. Mbwa wengine husingiziwa kichaa. Mimi wangu nilimsingizia ukali.

Mzee akafanya anachofanya mtu anayeambiwa mbwa atakuwa mkali. Alimfunga mnyororo kwenye mwarobaini nyuma ya nyumba, usiku na mchana, asizoee watu. Kuna aliyemshauri amtilie pilipili kwenye ugali, nashukuru hakumsikiliza. Msoma mita wa maji alipofika, Chandimu alimlalia chali, anataka kukunwa tumbo. Mzee akasema labda bado umri. Kisha usiku mmoja wakaja wenye mambo yao, wakabeba nondo. Asubuhi nondo hakuna, na Chandimu yuko chini ya mwarobaini anachezea glovu moja waliyoidondosha.

Mzee akanipigia. "Fundi, njoo umchukue mchekeshaji wako."

Nyinyi mnacheka, na mimi nilicheka kwenye simu. Nilipofika sikucheka. Kuzunguka ule mti, kwa urefu wa mnyororo, ardhi ilikuwa imelimwa na miguu yake hadi imekuwa duara laini, imeng'aa kama sakafu iliyosiribwa. Hapakuwa na jani hata moja ndani ya duara lile. Nilikuwa nimechukua mpira wa vitambaa. Nikauviringisha mpaka miguuni kwake. Akautazama. Hakuinama, hakuugusa. Akanitazama mimi, akageuka akaendelea kuzunguka.

Tisa. Siku tisa zilipita nyumbani kwangu kabla hajainama tena.

Kosa la nani? La mzee aliyefuata alichoambiwa, au la fundi aliyeuza kitambaa cha pazia akasema ni cha suti?

Na nimtendee haki yule mzee: kutaka mbwa wa ulinzi si kosa. Wapo mbwa wenye asili hiyo, na mtaa wetu tunaujua usiku. Lakini ulinzi wa mbwa ni kubweka ukaamka, na anayebweka vizuri ni anayewajua watu wake na kuwajua wageni. Mbwa anayefungwa mnyororo mwaka mzima hajui nani ni nani. Huyo siku mnyororo ukikatika atamng'ata mtoto aliyefuata mpira wake kabla hajamfikia mwizi. Kumtesa mnyama ni kosa kisheria pia. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Sikuja kutishia mtu na sheria, ila ipo.

(Hapa kijana mmoja akauliza kwa sauti: "Je, kuku atanilindia?") Swali zuri mdogo wangu. Atawakimbiza kwa mchezo, na kuku hawajui kwamba ni mchezo. Kama unafuga kuku wa kuachia, huyu si wako.

Nyumba ya pili. Safari hii nilisema ukweli wote: hang'ati, anaiba viatu, anapenda watoto. Familia nzuri, baba, mama, watoto wawili, wanamtaka kwa ajili ya sikukuu ya kuzaliwa ya binti yao. Uzio upo, uwanja upo, binti amefurahi mpaka analia. Sikudanganya kitu. Ila sikuuliza kitu.

Ikaja Desemba. Mnaijua Desemba ya Dar es Salaam. Stendi ya Magufuli pale Mbezi hapatoshi, kila mtu na mzigo wake, mji unabaki na watu wa pwani na paka. Wachaga nawaona mnacheka, na hii ni hadithi yenu. Familia ikaenda Moshi wiki tatu. Chandimu akaachwa ndani ya uzio, ndoo ya maji, kiroba cha unga, na kijana wa bodaboda aliyelipwa apite kumpikia. Naye kijana ni mtu, na Desemba kwake ni ya pesa. Alipita siku mbili. Siku ya tano, Chandimu akaruka ukuta.

Akafika hapa. Hapa hapa, kwenye uwanja huu. Amechafuka, ulimi nje, akaona watoto wanacheza mpira. Mnadhani alifanyaje? Akauvamia mpira kwa kasi yake yote. Watoto wakatawanyika, mtu mzima mmoja akapiga kelele "Kichaa!" na mawe yakaanza. Lile kovu lililo juu ya jicho la kushoto mtaliona mkimsogelea. Aliyemwokoa ni yule yule kijana wa mtaroni. Alisimama katikati amenyoosha mikono: "Msimpige, ni Chandimu!" Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Jiwe moja lilimpata yeye begani.

Waliorusha mawe siwalaumu kama mnavyotarajia. Kichaa cha mbwa si hadithi ya kutisha watoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kinaua watu 59,000 hivi kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa kung'atwa na mbwa. Katika kila watu kumi wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishatokea kwa mtu, hospitali haina cha kufanya zaidi ya kumpunguzia mateso. Mtu aliyemwona ndugu yake mwenye ugonjwa huo akiogopa kikombe cha maji hawezi kuambiwa "usiogope mbwa".

Lakini ugonjwa huu unazuilika, na leo ni tarehe 28 Septemba, siku aliyokufa mwaka 1895 Louis Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa aliyetengeneza chanjo ya kichaa cha mbwa, ndiyo maana dunia imeichagua kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa. Miaka kumi kabla ya kifo chake, tarehe 6 Julai 1885, mama mmoja alimfikishia Paris mwanawe wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyejeruhiwa vibaya na mbwa mwenye kichaa. Pasteur alikuwa na chanjo ambayo alikuwa ameijaribu kwa mbwa. Hakuwa hata daktari wa tiba; sindano alizidunga daktari mwingine, siku baada ya siku. Mtoto akapona. Sasa miaka 140 hivi imepita, sisi chanjo tunayo pale mezani kwenye boksi la barafu, na bado kuna mtu akiumwa na mbwa anapelekwa kwanza kwa bibi kupakwa pilipili.

Ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika kumi na tano. Kumi na tano! Ndizo alizonipa mwenyekiti kwa hotuba nzima. Mnaona zilivyo ndefu. Halafu kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Na ile habari ya "wapigwe risasi wote, tupumzike"? Ukiua mbwa wa mtaa, mtaa haubaki mtupu. Jalala liko pale pale, wanakuja wengine kula, na hao wapya hawana chanjo. Mmewaua na waliochanjwa humo humo. Wataalamu wanasema mkichanja mbwa saba katika kila kumi, mwaka hadi mwaka, kichaa kinakosa pa kupita. Sasa niambieni: nani humleta mbwa kwenye sindano? Ni mwenye mbwa. Mbwa asiye na kwao hashikiki, hana kadi, hana wa kukumbuka tarehe. Mkiona nahangaika na mbwa mmoja mpenda mpira mkadhani ni mambo ya kizungu, fikirieni hilo. Nyumba ya Chandimu ni sehemu ya chanjo ya watoto wenu.

Niseme na la imani, maana nikilikwepa mtalisemea kibarazani. Jirani yangu upande wa kisimani ni mzee wa Kiislamu, swala tano. Hamgusi Chandimu. Akimpitia karibu na kanzu, mzee hurudi kubadilisha, na mimi hujisikia vibaya. Lakini kila asubuhi nje ya geti lake huweka kopo la maji. Siku moja nilimuuliza. Akanikumbusha mbwa wa Watu wa Pangoni, aliyelala amenyoosha miguu mlangoni, na kwamba Mwenyezi Mungu hakuona vibaya kumtaja katika Sura ya Kahf. Akanisimulia na hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake kumnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Kisha akasema: "Lakini ndani kwangu, fundi, hapana." Na hiyo hapana naiheshimu. Afadhali hapana ya mzee yule kuliko ndiyo ya mtu atakayemtupa Machi. Kuna nyumba za mbwa na kuna nyumba zisizo za mbwa.

Haya, mwenyekiti ananyooshea saa. Nyumba ninayoitafuta.

Sitafuti tajiri. Chandimu anakula ugali na dagaa, makapi ya nyama siku ya buchani, na anashiba. Vitunguu hapana, chokoleti hapana, mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inavunjika kama sindano. Uzio nautaka, maana barabara ya lami iko karibu. Kama umepanga, nitaomba kuongea na mwenye nyumba wako mimi mwenyewe, msiniletee "ameshakubali". Mnyororo wa kutwa, hapana. Nitapita kutazama ardhi kama ina duara.

Kisha nitakuuliza Desemba mnakwenda wapi. Nimegundua swali hili linatosha kuliko mengine yote. Mtu aliyewahi kulifikiria hujibu palepale: shemeji anabaki, au tunampeleka kwa dada Kigamboni. Asiyelifikiria hucheka kwanza. Sisemi aliyecheka ni mbaya, ila arudi nyumbani akaongee na wenzake. Mbwa huyu akitunzwa anaweza kuwa nanyi miaka kumi na zaidi. Mtoto atakayeanza darasa la kwanza Januari atakuwa ameota ndevu, na Chandimu bado anamwibia viatu.

Na nyinyi mna haki ya kujua mnachokichukua. Anaiba ndala, na kwa sababu nisizozijua huchukua ya kushoto. Anaogopa radi na baruti za mwaka mpya. Mnamfungulia mlango akae chini ya meza, yanaisha. Siku za mwanzo pengine hatakula, atajificha, mtadhani nimewadanganya. Mpeni wiki mbili tatu. Akipata nusu saa ya mbio alfajiri na nyingine jioni, mchana analala kama gunia. Asipoipata, ataitafuta kwenye kamba ya nguo zenu. Anajua neno "achia", ukimpa kitu kingine badala yake. Ukimkimbiza akiwa na kiatu, umeshindwa, kwake umeanza mchezo. Wezi atawapokea. Nimeshasema, narudia: wezi atawapokea.

Mwenye kumtaka hivyo alivyo, nipo hapa hadi saa kumi, au mnanijua ofisini. Hamwondoki naye leo. Leo mnakuja kumtazama, kesho mnakuja tena na watoto, wiki ijayo mimi nakuja kwenu. Nimejifunza.

Mkimsogelea pale chini ya mwembe msianze kumpapasa kichwani. Alishikwa shingo vibaya, bado anashtuka. Chuchumaa upande, mpe mkono aunuse, subiri. Akilaza kifua chini, matako juu, amekukubali. Mpira ninao mfukoni, aombe anayetaka.

Daktari, kipaza sauti hiki hapa. Foleni ya chanjo ianzie upande wa geti, mbwa wakubwa mbele, na wenye paka kaeni ule upande mwingine tafadhali. Na mwenye ndala ya bluu, ya kushoto, anione.